Kanisa Lililogeuzwa

Mke wangu aliacha ombi moja tu kuhusu maziko yake. Alilitamka akiwa na akili timamu, wiki tatu kabla ya kufa, mbele yangu na mbele ya binti yetu, kwa hiyo sina sababu ya kulitilia shaka. Alisema: "Mnilaze niangalie kunakochomoza jua. Msije mkanilaza nimeipa kwetu mgongo." Binti yetu aliahidi. Mimi niliitikia kwa kichwa, kwa kuwa sikuona ugumu wowote. Namna makaburi ya kanisa yanavyopangwa nilijifunza tangu ujana wangu, na niliamini kwamba katika usharika wetu wote hapakuwa na aliyelijua jambo hilo kunishinda.

Tulimzika Januari, katika uwanja wa kanisa letu nje kidogo ya mji wa Anoka, huku Marekani. Alikuwa wa kwanza wetu kuzikwa pale. Usharika wetu ni wa Watanzania na Wakenya, pamoja na Wakongo wachache. Kwa miaka minne tulikuwa tumeabudu humo kwa hisani ya wenyeji, Wamarekani wazee waliokuwa wakipungua kila mwaka, hadi walipobaki saba wakaamua kutuachia jengo pamoja na makaburi yake. Siku ya maziko theluji ilifika magotini. Mawe ya makaburi ya zamani yalikuwa yamefunikwa yote, mbingu ilikuwa na rangi moja toka ukingo hadi ukingo, na jua halikuonekana asubuhi wala mchana. Wachimbaji walikuwa wamechoma gesi chini ya kifuniko cha bati kwa siku mbili ili ardhi ikubali kuchimbika. Harufu ya udongo uliookwa ndiyo kumbukumbu niliyo nayo kwa uhakika zaidi kuhusu siku ile. Mengine nimeambiwa.

Msimamizi wa wachimbaji, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoganda barafu, aliniuliza kichwa kikae upande gani.

"Miguu ielekee madhabahuni," nilimjibu.

"Yaani ukutani pale, kwenye lile dirisha kubwa?"

"Hapo hapo. Huko ndiko mashariki."

Akawaonyesha wenzake kwa mkono, wakamshusha. Sikulia siku ile, na sijalia tangu hapo. Sijisifu wala sijilaumu; naeleza hali ilivyokuwa. Tangu Januari nimekuwa kama mtu aliyevaa glavu nene: vitu navishika, lakini sipati habari zake.

Inanipasa kueleza nilikotoa uhakika ule. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilipelekwa Uingereza kusomea ualimu, na kwa miaka miwili nilipanga chumba katika kijiji ambacho hakikuwa na kitu cha kutembelea ila kanisa. Mzee wa kanisa alikuwa mfugaji wa kondoo, mtu wa maneno machache, ambaye Jumamosi alifagia na kutia mafuta saa ya mnarani. Alinikuta nikisoma ubao wa maelezo uliotundikwa mlangoni, akanikataza. Aliniambia ubao uliandikwa na kasisi aliyependa hadithi, na kwamba ukuta wenyewe ulikuwa na habari zilizo bora zaidi, mradi nisiwe na haraka.

Akanifundisha kusoma ukuta. Tao la duara juu ya mlango wa kusini lilikuwa la kale kuliko yote, nene na zito, limechongwa meno meno kama ya msumeno. Matao yenye ncha katikati ya kanisa yalikuja baadaye, watu walipokwisha kujua kuubeba uzito wa paa kwa mawe machache zaidi. Mnara ulikuja baadaye tena, na mahali ulipoungana na ukuta wa zamani palikuwa na mshono unaoonekana kama kovu. Upande wa kaskazini kulikuwa na mlango mdogo uliozibwa kwa mawe. Wanakijiji walidai kwamba uliachwa wazi wakati wa ubatizo ili shetani apate pa kutokea. Mfugaji yule alisema kwamba upande wa kaskazini kuna upepo mbaya, na kwamba watu wenye akili huziba mlango unaopitisha upepo. Sehemu ya madhabahu ilikuwa imepinda kidogo kuelekea kaskazini, na hapo pia palikuwa na hadithi: eti ni kichwa cha Bwana kilivyoinama msalabani. Yeye aliniambia kwamba waliojenga walipima kwa kamba, na kamba ililegea.

Mwisho alinitoa nje, akanionyesha makaburi. Yote yalilala sambamba na kanisa: kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo wafu wainuke wakitazama mapambazuko. Madhabahu mashariki, mlango mkubwa magharibi, wafu wakielekea kule wanakoelekea walio hai wakisali. Nilikwenda na dira yangu nikapima mwenyewe. Ilikuwa kweli, kwa tofauti ndogo sana. Nikaliandika daftarini kama jambo lililothibitishwa, na kwa muda wa miaka hamsini sikupata sababu ya kulifungua tena.

Kanisa letu la Anoka lilijengwa na wahamiaji kutoka Uingereza waliotaka kuwa na kanisa la kijijini kwao. Kwa sura walifaulu. Lina paa la mteremko mkali, madirisha membamba yenye ncha, nguzo nene za kuegemeza kuta kwa nje, kibanda cha kengele juu ya paa, beseni la ubatizo karibu na mlango, na kando ya barabara lango la mbao lenye paa lake dogo, ambapo jeneza husubiri kupokewa na mchungaji. Nilipoingia mara ya kwanza nilijua mahali pa kila kitu kabla sijakiona. Katika chumba cha mchungaji kuna mchoro wa jengo ndani ya fremu, na kwenye ukuta wa nyuma ya madhabahu mchoraji ameandika kwa mkono mzuri kwamba hilo ni dirisha la mashariki.

Mwezi wa Aprili katibu wa baraza la wazee alinijia na kazi. Ni Mkenya wa miaka hamsini na kitu, anafanya kazi katika ghala moja huko Shakopee, na hucheka kabla ya kumaliza sentensi zake mwenyewe. Kanisa lilikuwa lizinduliwe rasmi kuwa letu mwezi wa Juni, na kilitakiwa kijitabu cha historia yake.

"Lakini Mwalimu, usikifanye kirefu, watu wetu hawasomi. Kurasa nne, picha tatu, halafu ile stori ya mawe."

"Stori gani ya mawe?"

"Si haya mawe yaliletwa na meli kutoka Uingereza! Moja moja, kila jiwe na namba yake. Hili kanisa lina miaka mia nane."

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu si mtu. Nitajie mmoja."

Akacheka hadi akaegemea benchi. "Wewe Mzee, ukiambiwa leo ni Jumatatu utaitisha kalenda."

"Na nitaangalia kalenda yenyewe ni ya mwaka gani."

Nikamtoa nje nikamwonyesha. Kuta zile ni za mawe ya mviringo, mengine mekundu, mengine meusi yenye chembe zinazong'aa, mengine ya kijivu, hakuna mawili yanayofanana. Ni mawe yaleyale ambayo wakulima wa huku huyatoa mashambani kila masika na kuyarundika mipakani, kwa sababu barafu ya zamani sana iliyasukuma na kuyaacha hapa. Nilimwomba anieleze kwa nini mtu alipie meli kuleta kitu ambacho jirani yake anatafuta pa kukitupa.

"Sawa, sawa," alisema. "Lakini umetuharibia stori tamu." Kisha akawa mpole. "Kuna kitu kingine. Weka ukurasa wa makaburi. Baraza limeamua wetu wote watakaozikwa hapa wafuate alivyolazwa Mama. Wewe ndiye unajua mambo ya mashariki. Tuandikie vizuri."

Nilimwahidi kwamba ningeandika.

Nilianza kupima kwa utaratibu, mwanzo wa wiki hadi mwisho wake. Binti yangu alinishusha pale kila alipokwenda kazini, nami nikirudi na mmoja wa wazee aliyekuwa akipaka rangi madirisha. Siku ya nne mzee yule alichelewa kumaliza. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, nikinakili vipimo vya paa. Ibada zetu huisha kabla ya saa saba mchana, na sikuwahi kuwamo humo saa kama ile. Jua likaingia kwa dirisha la nyuma ya madhabahu, likanipiga usoni.

Kwanza nililishuku jua lenyewe. Kwetu huchomoza na kutua karibu palepale mwaka mzima, na mtoto mdogo anajua mashariki ni mlango wa nani. Huku wakati wa baridi hutambaa chini chini upande wa kusini kama mtu anayekwepa, na kwa miaka hii yote nilikuwa nimeacha kulitegemea. Nilitoa dira mfukoni. Niliipima juu ya benchi, nikaipima sakafuni mbali na vyuma vya benchi, nikatoka nikaipima nyasini. Dirisha la mashariki liko magharibi.

Maelezo yake niliyapata kesho yake, katika sanduku la kumbukumbu ambalo wale wazee saba walituachia. Kamati ya ujenzi ilikuwa imeleta mchoro uliofuata desturi ya kwao, na mchoro huo ulitaka madhabahu ikae upande wa barabara. Lakini upande wa pili ardhi huteremka hadi kwenye kinamasi, na mlango ungefungukia majini. Wakaugeuza mchoro mzima, mlango ukaelekea barabarani, madhabahu ikaenda magharibi. Halafu wakafanya kama wanavyofanya watu wa kanisa popote wanapobanwa na kiwanja: wakaendelea kuuita upande wa madhabahu mashariki, kwa heshima ya desturi, wote wakijua kwamba sivyo. Lilikuwa jina, na mimi nililisoma kama kipimo.

Nilitoka kwenda makaburini. Theluji ilikuwa imekwisha. Makaburi ya wale Waingereza yana mawe mawili mawili, kubwa la kichwani na dogo la miguuni, na mawe yote madogo yalikuwa upande wa barabara. Waliligeuza kanisa lao, lakini wenyewe hawakukubali kugeuzwa. Walilala wameipa madhabahu kisogo, safu nne, wakiangalia mashariki ya kweli. Mwishoni mwa safu ya nne palikuwa na tuta jipya lisilo na jiwe bado, na chini yake mke wangu, peke yake kati ya wote, ameangalia upande wa pili.

Nilikaa pale kitambo. Nilijaribu kutafuta jina la kile nilichokuwa nikihisi, nikakuta miguu imelowa, basi. Kisha nikampigia simu msimamizi wa wachimbaji. Alisema kumgeuza kunawezekana. Inahitajika ruhusa ya serikali na saini za ndugu wa karibu, maana yake mimi na binti yangu, na kwa kuwa uwanja ule haudai sanduku la zege kuzunguka jeneza, kazi yenyewe si ndefu. Alisema afadhali iwe kabla jiwe halijasimikwa.

Binti yangu ni muuguzi, na siku hizo alikuwa amehamia zamu ya usiku. Alirudi nyumbani kwetu Brooklyn Center asubuhi, akanikuta jikoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nimesimama tangu jana jioni. Nikikaa nalala hapahapa."

"Kaa hivyo hivyo."

Akakaa bila kuvua koti.

"Mama yako tumemlaza kinyume," nilisema. "Miguu iko magharibi."

Aliniangalia kama anavyowaangalia, nadhani, wagonjwa wanaoanza kuropoka. "Nani alisema miguu iwe huko?"

"Mimi."

"Ulipima?"

"Sikupima."

Nilimweleza habari ya mchoro na kinamasi. Nilipofika kwenye yale mawe ya miguuni alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekesha, mkono mdomoni.

"Baba. Wewe? Wewe uliyenirudisha dukani mara mbili kwa ajili ya inchi moja ya pazia?"

"Zilikuwa inchi mbili."

"Mama angekusema mwezi mzima."

"Angenisema mwaka."

Kicheko kikageuka kilio bila yeye kubadilisha mkao. Nilisimama nikazima birika. Kisha nikampa njia mbili, kama ilivyo desturi yangu. Ya kwanza, tumwache: jiwe lisimikwe miguuni badala ya kichwani, na mtazamaji yeyote atamhesabu kuwa sawa na wengine. Ya pili, ageuzwe, na nikamweleza kugeuzwa kuna maana gani, bila kupunguza.

"Hiyo ya kwanza ni uongo," alisema.

"Ni uongo wa jiwe. Hakuna atakayeuliza."

"Mimi niliahidi, Baba. Kwa mdomo. Wewe uliitikia kwa kichwa tu." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ageuzwe."

"Kutazama kazi hiyo kutakuwa kugumu."

"Nafunga vidonda vya watu kila siku. Wewe utaweza?"

Nilimwambia kwamba sikuwa na wasiwasi kwa upande wangu, na ilikuwa kweli, na ukweli huo haukunipendeza.

Ruhusa ilitoka katikati ya Mei. Katibu alikuwa amejaribu kunishauri. "Mwalimu, watu watasema tunachezea maiti," alisema, na mara hii hakucheka. Nilimwambia kwamba akimsikia mtu akisema, anipatie jina lake, nitakwenda kuongea naye. Hakuniletea jina. Badala yake, asubuhi ya siku yenyewe, alikuwa amefika kabla yetu, katika sare yake ya ghalani, na amefungua lango.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mashine ndogo iliondoa udongo wa juu, na uliobaki waliutoa kwa koleo. Jeneza lilipanda kwa mikanda, taratibu. Mbao zilikuwa zimekuwa nyeusi kwenye pembe, na donge la udongo lilishikamana na mfuniko mahali tulipoweka maua. Wanaume wanne walilibeba, wakatembea nalo nusu duara nyasini, hatua ndogo ndogo, kama watu wanaogeuza meza katika chumba chenye wageni. Binti yangu aliweka mkono juu ya mfuniko akatembea nao. Mimi nilibaki nilipokuwa.

"Hivi?" aliuliza msimamizi.

Niliweka dira juu ya jeneza. Sindano ilihangaika, ikavutwa na vishikio vya chuma. Nikaiondoa, nikapiga hatua sita kando, nikaiweka chini, nikapiga magoti kuisoma.

"Baba," binti yangu alisema, "jua si lile pale?"

Lilikuwa pale, juu ya barabara, waziwazi. Hata hivyo niliisoma dira hadi sindano ilipotulia. Dira na jua vilikubaliana.

"Ndivyo," nilimwambia msimamizi.

"Sasa anaangalia kwetu?" aliuliza binti yangu.

"Anaangalia mashariki, kama alivyoomba."

"Sikukuuliza hivyo."

"Kwetu, kwa njia iliyo fupi juu ya dunia, ni kaskazini zaidi ya hapo kidogo. Ukichukua tufe na uzi..."

"Baba!"

Wale wanne walikuwa wamesimama na uzito wote mikononi, mmoja wao akibadilisha mguu. Katibu alikuwa ametazama chini.

"Ndiyo," nilisema. "Anaangalia kwetu."

Wakamshusha. Binti yangu alichukua udongo mara tatu, na mimi mara tatu. Nilikuwa nimetarajia, nakiri, kwamba baada ya hapo kitu fulani kingefunguka kifuani. Nilisubiri hadi mashine iliposawazisha tuta. Hakikufunguka. Nilimshukuru kila mfanyakazi kwa mkono, na mikono yao ilikuwa ya moto kwa kazi, nikaona kwamba angalau hilo nimelipata.

Kijitabu nilikimaliza wiki iliyofuata. Kina kurasa saba. Nimeeleza mawe ya mashambani, na paa, na kwa nini mlango unaelekea barabarani. Katika ukurasa wa makaburi nimeandika kwamba madhabahu ya kanisa hili iko magharibi ingawa mchoro unaiita mashariki. Kwamba anayetaka kulazwa kwa desturi, miguu yake ielekee barabarani. Na kwamba mwandishi wa maelezo haya hakupima, akasababisha mkewe alazwe kinyume kwa muda wa miezi minne.

Katibu alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari. Akafika mwisho, akarudi juu, akafika tena mwisho.

"Hii sentensi ya mwisho, Mwalimu, si lazima. Watu wameshasahau."

"Wengine watakuja kulala pale. Waliobaki wakisoma kwamba nilikosea, watapima."

Aliiacha sentensi ile ilivyo. Kisha akaniuliza kama picha ya lango iwekwe kwenye jalada au ndani. Nikamwambia ndani.